Aliyeacha Dawa na Kliniki Iliyomwacha

Mtu anayeishi na VVU asiporudi kliniki, lawama humwangukia yeye. Huitwa mtoro, mzembe, asiyejali uhai wake. Historia ya ugonjwa huu Afrika Mashariki inaonyesha vingine: mara nyingi kliniki ndiyo iliyokaa mbali, na kila iliposogea karibu na mgonjwa, mgonjwa alibaki. Ushahidi wa kwanza ni mkongwe kuliko ujio wa dawa zenyewe kwetu. Tanzania ilitambua wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, lakini dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwishoni mwa 2004. Katika miaka hiyo 20 na ushei huduma haikukosekana kabisa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, akiwa ametoka kumzika mumewe, alianzisha shirika la TASO la kuwahudumia wenye VVU nchini Uganda pamoja na wenzake, baadhi yao wakiwa wameambukizwa. Miaka miwili baadaye shirika kama hilo, WAMATA, likazaliwa Tanzania. Wahudumu wa mashirika hayo hawakuwa na kidonge cha kuzuia virusi. Walitoa ushauri, walisaidia kutibu magonjwa nyemelezi, na walikwenda kuketi na mgonjwa ambaye ndugu zake walikuwa wamemtengea sahani na kikombe chake peke yake. Watu waliambatana nao bila kuahidiwa kupona. Uzembe wa mgonjwa hauwezi kulieleza jambo hilo.

Dawa zilipokaribia kuja, shaka ilitoka mbali. Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa, hivyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Miaka mitano baadaye wataalamu walijumlisha tafiti za pande mbili: Afrika kusini mwa Sahara, wagonjwa 77 kati ya 100 walimeza dawa ipasavyo, Amerika Kaskazini, 55. Lakini mwaka 2007 ukaja uchambuzi mwingine, huu wa kutia uchungu: baada ya miaka miwili, programu za Afrika zilikuwa zimebaki na wagonjwa kama 60 tu katika kila 100 walioanza dawa. Inakuwaje watu wameze vizuri hivyo, kisha wapotee? Jibu lilianza kuonekana Mbarara, Uganda, watafiti walipoacha kukisia wakaenda kuwatafuta waliopotea. Miongoni mwa wale ambao habari zao zilipatikana, zaidi ya robo walikuwa wamefariki. Wengi wa waliohojiwa walikuwa wakitibiwa kliniki nyingine, na sababu kubwa waliyoitaja ni nauli na umbali. Kwenye rejista ya kliniki, marehemu, aliyehama na aliyekosa nauli walikuwa wamewekwa fungu moja.

Tuitazame safari yenyewe. Mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, alipewa kadi yenye namba yake na tarehe ya kurudi, kwa kawaida baada ya mwezi mmoja. Tarehe hiyo ilikuwa na maana ya kudamka, kupoteza kibarua cha siku nzima, na kukaa kwenye benchi ambalo mtaa mzima unajua ni la nani. Kulikuwa na foleni ya mafaili, ya kupima uzito, ya daktari, kisha ya dirisha la dawa. Aliyechelewa siku mbili tatu aliweza kukaripiwa mbele ya wenzake. Na dawa za mwanzo zilikuwa na stavudini, iliyotia ganzi na kuchoma nyayo, ikabonyeza mashavu hata uso ukamtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Aliyestahimili hayo yote mara 12 kwa mwaka hastahili kuitwa asiyejali.

Mtu anaweza kunijibu kwa Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na baadhi ya watu wanaoishi na VVU (WAVIU) waliacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamepona. Hilo lilitokea na lilikuwa na madhara, kwa kuwa dawa zikiachwa virusi huongezeka upya. Lakini umati ule ulikuwa wa watu wa namna gani? Walilipa nauli kubwa, wakalala njiani katika msururu wa magari wa kilomita nyingi, kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500. Bidii walikuwa nayo tele. Kilichopungua ni mtu wa kliniki mwenye nafasi ya kuketi nao na kueleza kwa nini aliyenawiri, akarudi shambani, bado anahitaji kidonge cha kesho.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: nani atamfuata kila mgonjwa? Jinja, Uganda, swali hilo lilipimwa kuanzia mwaka 2005 kwa wagonjwa 1,453. Kundi moja lilipelekewa dawa nyumbani kila mwezi na wahudumu wa pikipiki wasio madaktari. Jingine lilihudhuria kliniki. Virusi vilidhibitiwa kwa kiwango karibu sawa, gharama za watoa huduma hazikupishana sana, na wa nyumbani walitumia kama nusu, au chini ya nusu, ya fedha walizotumia wenzao. Kenya nako, kuanzia 2007, wagonjwa 538 wa kliniki tatu waligawanywa, na nusu yao wakawa wanatumiwa ujumbe wa simu kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu. Ujumbe haukutaja dawa wala virusi, kwa hiyo aliyeishika simu ya mwenzake aliona salamu tu. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57, dhidi ya 48 kwa wasiotumiwa ujumbe. Nasisitiza ile simu iliyofuata: salamu isiyo na nesi wa kushughulikia "Shida" isingemfaa mtu.

Wapo watakaoacha dawa hata wakifuatwa, kwa pombe, kwa huzuni, kwa kumficha mume. Wapo pia wanaoikwepa pikipiki inayojulikana kijijini na kuchagua kliniki ya wilaya jirani, nao wana haki. Ukaribu ninaousema ni wa mtu kujulikana na anayemhudumia, na kuulizwa anachoweza. Tangu 2016 Tanzania, Kenya na Uganda hutoa dawa kwa kila aliyeambukizwa bila kungoja kinga ishuke, na baadaye wenye hali nzuri wakaanza kupewa za miezi mitatu, hata sita. Foleni ilipungua, jambo la kushukuru, lakini anayeteleza katikati anaweza kukaa muda mrefu bila kuonekana, na hapo ndipo WAVIU washauri na wahudumu wa jamii wanapohitajika zaidi. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waliambiwa wakae nyumbani. Mwezi uliofuata Uganda iliagiza kliniki maalumu za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kuunganisha kunaweza hata kupunguza unyanyapaa wa lile benchi. Ila kazi ya kugundua nani hakuja, kumpigia na kumfuata, imetegemea mno bajeti ya mfadhili, ilhali ni tiba sawa na kidonge. Inastahili cheo, mshahara na fungu lake katika bajeti za serikali zetu wenyewe, kama ilivyo kazi ya mfamasia.