Hodhi la uchungu

Katika vituo vingi vya ukunga Uingereza utakuta chombo kikubwa cha plastiki ngumu, chenye kina cha kutosha maji kumfika mama kifuani akiwa ameketi. Mama huingia humo uchungu ukishakolea, akachuchumaa, akapiga magoti au akaegemea ukingo, kwa kuwa maji humpunguzia uzito na kumlegeza misuli.

Tukiiteje kwetu? Mfasiri mwenye haraka ataandika “bwawa la kuzalia”. Bwawa ni la kuogelea au la kufugia samaki. Beseni ni dogo mno. Birika lingefaa, maana misikiti ya pwani inalo la kutawadhia, ila ukilitaja Dodoma utaletewa chai. Linabaki hodhi, chombo kikubwa cha kuwekea maji, na hilo mimi nalikubali bila shida.

Ugomvi wangu uko kwenye “kuzalia”. Baadhi ya wanaoingia majini hutoka kabla mtoto hajafika. Daktari Michel Odent, aliyeyafanya matumizi ya maji wakati wa uchungu yajulikane akiwa katika hospitali ya Pithiviers, Ufaransa, aliweka maji ya vuguvugu ili kutuliza maumivu. Makala yake katika jarida la Lancet mwaka 1983 ilieleza habari za watoto 100 waliozaliwa majini, lakini kuzalia humo hakukuwa lengo lake la kwanza. Mapitio ya Cochrane ya 2018 nayo yaliona kwamba kukaa majini wakati njia inaendelea kufunguka hupunguza kiasi haja ya sindano ya ganzi ya mgongo. Chama cha madaktari wa uzazi Marekani kiliikubali hatua hiyo mwaka 2016, ila kikashauri mtoto azaliwe nchi kavu.

Ndiyo maana napendekeza “hodhi la uchungu”. Linaitaja kazi yenyewe, na mkunga wa leba atalielewa bila kufafanuliwa.

“Kujifungulia majini” tuliachie tendo jingine, lenye masharti yake. Mwongozo wa Uingereza unataka joto la maji lisizidi nyuzi 37.5 na lipimwe kila saa. Mtoto akitoka, mkunga humwinua mara moja uso uwe juu ya maji, lakini bila kumvuta, maana kitovu kifupi huweza kukatika.