Seli Zilizoahidi Moyo Mpya

Kiswahili humwambia mtu "jipe moyo", kana kwamba moyo wa akiba upo kabatini. Tabibu hana bahati hiyo. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, misuli iliyokosa damu hufa kwa muda wa saa chache, na mahali pake hujengeka kovu. Kovu halidundi.

Aprili 2001, jarida la Nature lilichapisha makala ya Donald Orlic, Piero Anversa na wenzao wa Marekani. Walichukua seli shina kutoka kwenye uboho wa panya, wakazidunga kando ya sehemu iliyokufa ya mioyo ya panya wengine. Baada ya siku 9, waliandika, misuli mipya ilikuwa imejaza asilimia 68 ya sehemu hiyo. Nilipoisoma maktabani mimi pia nilisisimka, ingawa nilijua mwisho wake. Wakati huo wengine hawakungoja: mwaka huohuo madaktari wa Düsseldorf, Ujerumani, walitangaza kwamba wamemtia mgonjwa seli za uboho wake mwenyewe moyoni.

Mwaka 2004 Nature ileile ikatoa kazi za makundi mawili, moja likiongozwa na Charles Murry wa Seattle, jingine la Stanford. Waliziwekea seli alama ili wazifuatilie. Hazikugeuka kuwa misuli ya moyo. Mjadala ungeishia hapo, lakini kundi la Anversa lilikuwa limeshadai kwamba moyo wenyewe una seli shina zake, na majaribio kwa wagonjwa yakaendelea.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka kwenye mabomu. Majaribio ya nyuklia ya angani, kabla ya mkataba wa 1963, yalijaza kaboni-14 hewani. Mimea iliivuta, watu wakaila, ikaingia katika DNA ya kila seli iliyokuwa ikizaliwa. Kiwango chake hewani kimeshuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo seli hubeba tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 2009, Olaf Bergmann, Jonas Frisén na wenzao wa Karolinska, Sweden, walipima mioyo ya marehemu. Mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka. Wa miaka 75, chini ya nusu ya hapo. Moyo hujifanya upya kweli, ila kwa mwendo wa kobe.

Oktoba 2018, Harvard na hospitali ya Brigham zilitaka makala 31 za maabara ya Anversa ziondolewe kwa sababu ya data za kughushi. Mwenyewe alikana kuhusika.

Mwaka uliofuata kundi la Jeffery Molkentin, Cincinnati, lilionyesha kwamba seli hai zilisaidia moyo wa panya kidogo, na seli zilizouawa kwanza zikasaidia vilevile. Hata zaimosani, kemikali inayochokoza tu kinga ya mwili, ilifanya kazi: seli za kinga zilikimbilia kwenye jeraha na kovu likawa imara zaidi. Kudunga seli mfu ili kulinganisha hakukuhitaji mashine yoyote ambayo haikuwepo mwaka 2001.