Tangi la mafuta la gari

Tangi la mafuta la gari ni chombo kinachohifadhi petroli au dizeli ya kuendeshea injini. Hutengenezwa kwa chuma, alumini au plastiki ngumu. Tangi la chuma linaweza kukatwa na kuchomelewa ili kuongeza ujazo wake au kuziba tundu.

Hatari ya mlipuko

Tangi lililomwagwa petroli linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa. Kinachowaka ni mvuke wa petroli, nao huwaka unapokuwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Mabaki kidogo yaliyojificha kwenye pembe au chini ya kutu yanatosha kutoa mvuke huo. Kwa hiyo, kabla ya kuchomelewa, tangi hutolewa garini na kusafishwa kwa maji ya moto na sabuni. Kisha hujazwa maji hadi karibu na sehemu ya kuchomelea, au gesi isiyowaka kama nitrojeni. Matundu yake huachwa wazi ili shinikizo lisiongezeke ndani.

Kutu

Tangi la chuma huweza kuoza kuanzia ndani. Unyevu wa hewa huwa matone kwenye kuta za tangi lisilojaa, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hutuama chini. Gari linaloegeshwa muda mrefu huachwa na tangi lililojaa ili kupunguza hali hiyo. Kutu iliyokwisha kuingia huondolewa kwa asidi ya fosfori. Zinki haifai kupakwa ndani ya tangi la dizeli, kwani hutengeneza uchafu unaoziba chujio.