Mawakili na Vikundi Vyao

Ninyi wa Musoma, Bunda na Butiama, sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Leo tutasoma habari za watu ambao wengi wetu huwaogopa kidogo, yaani mawakili.

Andikeni mwaka huu: 1958. Mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alishtakiwa mjini Dar es Salaam. Ilisemwa kwamba aliwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU, na mmoja wao alikuwa mkuu wa wilaya ya Musoma. Mawakili watatu walimtetea. Bwana K. L. Jhaveri na Bwana M. N. Rattansey walikuwa mawakili wa hapa hapa nchini. Wa tatu, Bwana D. N. Pritt, aliitwa kutoka Uingereza. Kwa nini aitwe mtu wa mbali, na mawakili wapo? Kwa sababu Bwana Pritt alikuwa bingwa wa kesi za namna hiyo. Ndiye aliyemtetea Bwana Jomo Kenyatta huko Kapenguria, katika kesi iliyoanza mwaka 1952. Wale wawili waliijua nchi. Huyu alizijua kesi za siasa. Hata hivyo Mwalimu alionekana ana hatia, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Faini ikalipwa.

Basi mnaona kwamba mawakili wana jina moja, lakini ujuzi wao si mmoja.

Wakati wa kesi ile, Chama cha Mawakili Tanganyika kilikuwa bado kichanga, maana kiliundwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1954. Jina la Tanganyika kinalo mpaka leo, kwa kuwa Zanzibar wana chama chao. Kila wakili anayefanya kazi Tanzania Bara lazima awe mwanachama. Si hiari, kama chama cha mpira. Tena, sheria yetu haiwagawi mawakili. Huko Uingereza kwa desturi wako wanaoandika hati ofisini, na wako wanaosema mbele ya jaji. Kwetu mtu mmoja huruhusiwa kufanya yote.

Mpango huo ulifaa katika nchi yenye mawakili wachache. Na walikuwa wachache kweli! Masomo ya sheria katika chuo kikuu yalianza Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, na wanafunzi hawakufika 20. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Bibi Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji, kisha Waziri wa Sheria. Wakili wa mji mdogo ilimbidi awe kama duka la kijijini: chumvi, mafuta ya taa, kanga, madaftari, vyote humo humo.

Lakini sheria huongezeka na hubadilika. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, wa Mahakama Kuu huko Mwanza, alitoa hukumu kubwa. Mwanamke mmoja wa Kihaya alikuwa amerithi shamba la ukoo, akaliuza. Jamaa yake akashtaki, akisema mila hairuhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Jaji akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sasa fikirini binti wa Butiama aliyerithi shamba, akaenda kwa wakili asiyepata habari za hukumu ile. Wakili huyo si mwongo, wala si mvivu. Ila atamwambia, "Mama, mila inakukataza," naye binti atarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo mtaona kazi ya vikundi. Ndani ya chama kikubwa, mawakili wa shughuli moja hukaa pamoja: wa ardhi kwa ardhi, wa kazi na mishahara kwa wenzao, wa madini kwa wenzao. Marekani chama kikubwa cha mawakili kilianzishwa mwaka 1878, na mwaka 1894 kikawa na kikundi chake cha kwanza cha namna hii, cha haki za wavumbuzi. Anayejiunga huandikisha jina, huhudhuria mikutano, husoma hukumu mpya na wenzake, na huuliza asilolijua bila kuona haya. Kwetu chama kina kamati, matawi ya mikoani na mafunzo kwa mawakili waliokwisha kuhitimu. Wanawake wanasheria nao walianzisha chama chao wenyewe mwaka 1989, kiitwacho TAWLA.

Tusidhani kwamba ubingwa ni wa watu wa mijini tu. Bwana Joseph Warioba ni mtu wa Bunda, wilaya inayopakana na ziwa lisilo na chumvi. Lakini elimu yake ya sheria ya bahari ilimfikisha mbali: tangu mwaka 1996 hadi 1999 alikuwa jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari, huko Hamburg, Ujerumani.

Kwa maoni yangu, wakili wa Musoma anahitaji kikundi kuliko wa Dar es Salaam, kwa maana wa Dar es Salaam akikwama huvuka barabara akamwuliza mwenzake. Na kazi huku zimeongezeka. Zamani rufaa za Mara zilikwenda Mwanza. Sasa Mahakama Kuu iko Musoma penyewe. Mawakili walikuwa hawaruhusiwi katika Mahakama ya Mwanzo, lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, wakaruhusiwa kuingia pale ambapo hakimu ni hakimu mkazi. Vikundi vikikutana Dar es Salaam na Arusha tu, mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba na mkulima wa pamba wa Bunda watafaidika nini?

Hii ndiyo kazi ya juma hili. Andikeni maswali matatu ambayo mtu mwenye mgogoro wa shamba angemwuliza wakili kabla ya kumpa fedha. Swali la kwanza nawapa mimi: "Bwana wakili, kesi za ardhi umezifanya ngapi, na hukumu mpya unazisoma na nani?" Mawili yaliyobaki ni yenu. Mwalimu wa darasa atayasahihisha.