Akupancha

Akupancha ni tiba yenye asili ya China ambamo mtabibu hudunga ngozi ya mgonjwa kwa sindano zisizo na tundu wala dawa, zenye unene wa kama robo ya milimita, na kuziacha mwilini dakika 20 hadi 30. Nadharia yake imo katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita: kwamba nguvu iitwayo qi hupita mwilini kwa mikondo maalumu, na maradhi huja mkondo unapoziba. Hakuna mpasuaji aliyewahi kuiona mikondo hiyo. Hata hivyo, watu wengi wenye kiuno kibovu, kipandauso na msongo wa mawazo huondoka kwa mtabibu wamepata nafuu ya kweli. Kuikubali nafuu hiyo hakumlazimishi mtu kuikubali na ramani ya mikondo, na ushahidi bora wa kuyatenganisha mambo haya mawili ulipatikana Ujerumani.

Huko, mifuko ya bima ya afya iligharimia majaribio makubwa ili ijue kama inafaa kuilipia tiba hii. Katika jaribio la maumivu sugu ya kiuno, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilidungwa kwa kufuata kanuni za Kichina. La pili lilidungwa juujuu tu, tena mahali ambapo ramani haitambui chochote. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida: dawa, mazoezi na tiba ya viungo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu. Pengo kati ya makundi mawili ya mwanzo ni dogo kiasi kwamba huenda lilitokea kwa bahati tu. Pengo kati yao na la tatu haliwezi kupuuzwa. Na hao walikuwa wameumwa kwa wastani wa miaka minane, si watu wa kubembelezwa kirahisi.

Mwenye shaka atasema kwamba basi yote ni kiinimacho. Haraka hiyo haifai. Mdungo wowote, hata wa mahali pasipo sahihi, huamsha neva, na tafiti tangu miaka ya 1970 zimeuhusisha na endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Juu ya hapo kuna matarajio ya mgonjwa na nusu saa ya kushughulikiwa na mtu asiye na haraka, jambo adimu katika zahanati iliyojaa foleni. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba waliokosa sindano walijua wamezikosa, na huenda walivunjika moyo. Ni kweli, kwa hiyo ukubwa wa faida usitiwe chumvi. Ramani nayo ina mahali inapojitetea vizuri zaidi: sehemu iitwayo Neiguan, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, kati ya kano mbili. Kuichochea hupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji zaidi kuliko kuchochea kwa kuigiza.

Kuhusu msongo wa mawazo, ushahidi ni hafifu zaidi, kwa kuwa kulala kimya chumbani, simu ikiwa mbali, kunatuliza hata bila sindano.

Watetezi hupenda kutaja umri wa tiba yenyewe. Lakini umri si ushahidi, na hata China haikuikubali nyakati zote: mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa katika taasisi ya tiba ya kasri. Njia nzuri ya kuuheshimu urithi huo ni ile ya mwanasayansi wa China Tu Youyou, ambaye kikundi chake kilijaribu dondoo zaidi ya 380 za mitishamba kutafuta dawa ya malaria. Nyingi hazikufaa kitu. Maelezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, ya kuloweka tu mmea wa qinghao katika maji yalimpa wazo la kutotumia joto kali, na hapo ikapatikana artemisinini, ambayo leo imo katika dawa ya mseto inayotolewa Afrika Mashariki yote. Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kitabu cha kale kilitoa fununu, na maabara ikatoa hukumu.

Akupancha haina madhara mengi ikifanywa na aliyefunzwa, lakini sindano ya kifuani ikizama mno hutoboa pafu, na iliyotumika kwa mwingine huweza kuambukiza homa ya ini aina ya B. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo yapelekwe hospitali kwanza. Nchini Tanzania tiba mbadala husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Mteja ana haki ya kuuliza usajili wa mtabibu, na kuona pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yake.