London na Berlin kwa Mtu wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu. Mkoa ni mchanga, lakini nchi yenyewe ni ya zamani: watemi wa Ntuzu na wa Kanadi walikuwa na tawala zao kabla Mzungu yeyote hajaliona Ziwa Victoria. Habari zao zimetunzwa na wazee, nyimbo na vyama vya ngoma. Yapo mengine, hata hivyo, yaliyoamuliwa mbali na kuandikwa huko huko: mpaka wa nchi, jina la ghuba inayopakana na wilaya yetu ya Busega, na mipango ya pamba. Hayo yanatafutwa London na Berlin. Naona Mtanzania anayejaliwa siku chache za kwenda Ulaya, na hasa akiwa wa Simiyu, afanye kila njia aione miji hii miwili katika safari moja, kwa sababu kila mmoja ukiutazama peke yake unadanganya, na kila mmoja una uongo wake.

London ushahidi wake umesimama wazi. Ndani ya bustani ya Kensington upo mnara wa mawe mekundu wa kumkumbuka John Hanning Speke, aliyelifikia ziwa upande wa kusini tarehe 3 Agosti 1858 na kuamua kwamba ndilo chimbuko la Nile. Maandishi ya mnara ni machache: Speke, Victoria Nyanza, Nile, na mwaka 1864, ambao ndio aliokufa. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa naye safari ile, hakutajwa. Wenyeji waliomwonyesha njia nao hawakutajwa kabisa. Upande wa kusini wa bustani hiyo ndiko iliko Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, katika jengo ililohamia mwaka 1913, na ukutani mwake imesimama sanamu ya Livingstone. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, akapita mto Simiyu unapoingia katika Ghuba ya Speke, akauhesabu kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Habari za safari hiyo zilichapwa katika Daily Telegraph la London, gazeti lililomgharimia pamoja na New York Herald. Siku hizi chanzo cha mbali hutafutwa upande wa Kagera, na Stanley hakupatia. Lakini jina la Simiyu lilikwisha kuingia London karibu miaka kumi kabla ya Mkutano wa Berlin, na liliingia kama sehemu ya fumbo la wasafiri, si kama nchi ya watu wenye watemi na mashamba. Huo ndio uongo wa London. Mawe yake hayajabomolewa, kwa hiyo ukoloni unaonekana kama habari ya mashujaa waliokwenda kutazama maji.

Berlin ni kinyume chake. Nyumba ya Kansela Bismarck katika mtaa wa Wilhelmstrasse, ulimofanyika mkutano ule wa mataifa kuhusu Afrika wa tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, haipo tena. Mahali pake kuna maghorofa ya kuishi watu na kibao cha maelezo. Kasri la wafalme wa Prussia lilibomolewa mwaka 1950, na jengo la Humboldt Forum lililofunguliwa mwaka 2021 limevikwa kuta mpya zilizoigwa za zamani. Humo, mwishoni mwa 2024, yalifunguliwa maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa letu. Mwaka huo huo, katika eneo la Wedding, mtaa uliokuwa ukiitwa Petersallee ulibadilishwa jina, na sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Mgeni akiyaona hayo atasema huu ni mji unaoungama. Ni kweli, unaungama, na hilo ni jambo jema. Ila maungamo yenyewe yana hila: yanaufanya utawala wa Kijerumani uonekane kama sura fupi iliyokwisha fungwa, yenye mwovu mmoja, Carl Peters, mwanzilishi wa koloni hilo, aliyepewa hati ya Kaizari siku moja tu baada ya mkutano kumalizika.

Mpaka ndio unaofichua kasoro ya hadithi zote mbili. Wengi bado wanaamini kwamba ramani yetu ilichorwa mezani kwa Bismarck. Sivyo. Mstari unaotoka mlango wa mto Umba hadi ufuko wa mashariki wa ziwa, penye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, ukavushwa ziwani kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Usukuma, Simiyu ikiwemo, ukaangukia kwa Wajerumani kwa sababu London ilikubali, na miaka 26 baadaye, Julai 1916, majeshi ya Waingereza yalipoitwaa Mwanza, nchi ile ile ikabadilisha bwana. Pamba nayo inasema hivyo hivyo. Kamati ya Uchumi wa Makoloni iliundwa Berlin mwaka 1896 na ikaisukuma pamba Afrika Mashariki; katika nchi ya Wamatumbi, kulazimishwa kuilima kulichangia Vita vya Maji Maji vya 1905. London nayo ikawa na shirika lake la kukuza pamba ya himaya, lililopewa hati mwaka 1921, na wataalamu wake wakaja kufanya utafiti wa mbegu Ukiriguru. Bendera mbili, mali inayotakwa moja.

Mtu atapinga kwamba mji mkuu si kila kitu: pamba iliuzwa Liverpool na Bremen, na Bernhard Grzimek, aliyeitangaza Serengeti duniani kwa filamu yake ya 1959, alifanyia kazi Frankfurt. Nakubali. Lakini mfanyabiashara wa Bremen alifuata mlango uliofunguliwa Berlin, na ndiyo maana hati za utawala zimelundikana kwenye miji mikuu. Mwingine atasema safari ya siku chache ni ya juu juu, na tena Mtanzania anahitaji viza mbili, ya Uingereza na ya nchi za Schengen. Gharama hiyo ni ya kweli, wala sitaipunguza. Hata hivyo, anayekwenda kwenye mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, hawezi kusema nani kashinda baina ya vyama vya Bagika na Bagalu kwa kutazama upande mmoja, hata akikaa kutwa nzima. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba tusijitafute ugenini, kwa kuwa waliolima pamba ni wakulima wenyewe, na ni wao walioujenga ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, Victoria Federation of Co-operative Unions, mwaka 1955. Ni sawa kabisa, na ndiyo sababu anayesafiri aondoke akiwa ameshaijua historia ya nyumbani. Asiyeijua atayakubali maneno ya kibao cha ukutani bila kuuliza swali.

Kwa atakayetaka kuchimba zaidi ya minara, nyaraka za Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika ziko Kew, London, chini ya namba CO 691, na kadi ya msomaji hutolewa bure. Za Kijerumani ziko Lichterfelde, Berlin, chini ya R 1001, nyingine zikiwa katika mwandiko wa kizamani unaohitaji mtu aliyejifunza kuusoma. Asitafute neno Simiyu kama jina la mkoa, kwa sababu mkoa haukuwepo. Kew atafute Maswa, Shinyanga na Mwanza. Lichterfelde atafute Muansa, kama Wajerumani walivyoandika. Halmashauri zetu na vyuo vya Kanda ya Ziwa viombe nakala za hati hizo, zisomwe Bariadi na vijana ambao hawatapata viza hata moja.