Pindo, Mji na Jina: Kanuni za Mpango katika Sanaa ya Kanga

Kila sanaa ina sheria zake. Mshairi hamwagi maneno ovyo. Hupima mizani, hulinganisha vina, na hujua mahali pa kutua. Vivyo hivyo msanii wa picha na mapambo hapangi rangi na maumbo kwa kubahatisha. Anazo kanuni zake: pande zilingane uzito, jicho lipewe mahali pa kutulia, umbo lirudiwe kwa kipimo, na rangi zipambanuke. Wako wanaodhani kwamba kanuni hizo tulizipokea pamoja na chaki na ubao, na kwamba bibi zetu walijipamba tu pasipo kujua walitendalo. Nakusudia kuonyesha kwa ushahidi wa kanga kwamba dhana hiyo haina msingi.

Katika karne ya 19, vazi la watu wengi wa pwani yetu, hasa watumwa na mafukara, lilikuwa merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Marekani; au kaniki, nguo iliyochovywa katika nili. Nguo hizo hazikuwa na mpango wa mapambo. Zilikuwa za rangi moja, mwanzo hata mwisho. Ndipo wanawake walipoanza kununua leso, vitambaa vya mkononi vyenye chapa, ambavyo jina lake latokana na Kireno. Leso ziliuzwa zikiwa zimeshikana katika jora. Yasimuliwa kwamba wanawake walizikata tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja ya leso sita. Mombasa hata leo kanga huitwa leso.

Tuitazame nguo hiyo kwa jicho la mpangaji. Ilikuwa na miraba sita iliyo sawa, na kila mmoja una mpaka wake. Marudio yalikuwapo, mizani ilikuwapo, lakini kitovu hakikuwapo; jicho lilitangatanga kama mgeni katika kijiji kisicho na baraza. Kanga iliyofuata, iliyochapwa kipande kimoja mwishoni mwa karne ile, ilitatua jambo hilo. Mipaka midogo iliondoka, ukabaki mmoja mkubwa unaozunguka nguo nzima, na katikati pakawa na uwanja mmoja.

Mpango huo umedumu, na kila sehemu yake ina jina la Kiswahili. Mpaka huitwa pindo, kutokana na kupinda. Uwanja wa kati huitwa mji. Maandishi yaliyo ndani ya mji, karibu na pindo la chini, huitwa jina. Hayo majina yenyewe ni mafundisho. Mji hauwi mji bila mipaka, na mipaka isiyozunguka kitu ni kazi bure. Aidha, neno mji lina maana nyingine katika lugha yetu, nayo ni nyumba ya uzazi. Basi waliolichagua walijua kwamba katikati ndipo uhai wa nguo unapokaa.

Lakini hekima kubwa zaidi ni kwamba kanga haikupangwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani. Ni nguo ya upana wa mita moja na ushei na urefu wa mita moja na nusu hivi, ipangwayo kwa ajili ya mwili unaotembea. Mwanamke ajifungapo, pindo la chini hushuka miguuni na kuchora mstari mmoja. Mapindo ya pembeni hukutana mbele. Mji hubaki nyuma pamoja na jina lake, ukasomwa na anayefuata. Pindo jembamba mno hupotea katika mikunjo. Jina likiwekwa juu, hufichwa kiunoni. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizo sawa, moja kiunoni na nyingine kichwani au mabegani, marudio na ulinganifu hukamilika mwilini.

Tutazame pia kisutu, kanga ya arusi. Rangi zake ni tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa rangi hizo chache bibi arusi huonekana miongoni mwa umati. Hapa twajifunza kwamba nguvu ya pambo haitokani na wingi wa rangi, bali na jinsi zinavyopambanuliwa.

Nani aliyetunga sheria hizi? Mitambo ilikuwa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi na India. Wafanyabiashara walikuwa wa asili mbalimbali, kama wale wa duka la Mombasa ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla yajulikana mno. Lakini hakimu alikuwa mwanamke mnunuzi. Chapa asiyoipenda ilibaki rafuni, ikamtia muuzaji hasara. Na miongoni mwa wanunuzi hao walikuwamo waliokuwa watumwa kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja. Waliivua kaniki wakavaa kanga. Kwao kuchagua pindo na mji kulikuwa kudai utu wao mbele ya macho ya watu. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa msaada wa China, na kuchapa kanga hapa nchini, kilikuta sheria hiyo imekwisha kuwekwa, nacho kikaifuata.

Hapana budi tuilinde elimu hii. Kijana afundishwapo kuchora, mwalimu aweza kutandika kanga mezani, akamwonyesha mpaka, kitovu, mizani na marudio kwa maneno anayoyajua tangu utotoni. Tukiyaacha maneno hayo yafe, kanga yaweza kubaki sokoni, lakini watoto wetu watakuja kuambiwa kwamba bibi zao hawakujua kupanga, nao hawatakuwa na neno la kujibu.